Nyayo Zilizorudishwa Ardhini

Msimu wa uchimbaji wa mwaka 1979 ulipokwisha, Mary Leakey na wachimbaji wake walichota mchanga wa mtoni wakaumwaga juu ya ugunduzi mkubwa kuliko wote waliowahi kuupata. Mahali penyewe ni Laetoli, kusini mwa Korongo la Olduvai, ndani ya eneo la Ngorongoro. Chini ya mchanga ule zilibaki nyayo za zamadamu waliopita pale wakitembea wima kwa miguu miwili, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Ni mfululizo wa mita 27 hivi, wenye nyayo zipatazo 70, na kisigino, upinde wa wayo na kidole gumba vinaonekana kama vya mtu aliyevuka tope jana jioni. Juu ya mchanga wakapanga mawe ya volkeno. Halafu wakakunja mahema yao.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu, na miaka mingi ya kazi hiyo nilikuwa Karatu, mji ambao magari ya watalii hupita yakielekea Ngorongoro. Katika yote niliyofundisha, hakuna kilichowakera wanafunzi wangu kama habari ya mchanga ule. Kwamba nyayo zilipatikana, walikubali. Umri wake nao waliukubali, wakauandika daftarini. Kufukia ndiko kulikowashinda. "Sasa Mwalimu, walichimba ili iweje?" Niliulizwa swali hilo karibu kila mwaka, na mara zote nililijibu kwa ufupi kwa sababu kipindi kilikuwa kinakwisha. Hapa nataka kulijibu kwa urefu linaostahili. Na jibu langu halianzii Ngorongoro. Linaanzia kusini, Lindi, nilikozaliwa.

Kilomita kama 60 kutoka mji wa Lindi kuna kilima kinachoitwa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta hapo mifupa mikubwa kupita kiasi ikiwa imejitokeza juu ya ardhi. Habari zikafika Ujerumani, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha pale mojawapo ya machimbo makubwa kabisa ya mabaki ya dainosaria yaliyowahi kufanyika duniani. Waliotajwa vitabuni ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Aliyesimamia vibarua, na kuyajua machimbo kwa ukaribu kuliko Wazungu wengi waliokuja na kuondoka, alikuwa Boheti bin Amrani. Chini yake walifanya kazi mamia ya watu. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi, mzigo kwa mzigo, hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini.

Inafaa kukumbuka miaka yenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907. Nchi yetu ya kusini ilikuwa imechomewa vijiji na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliobeba mifupa ile ndio waliosalia. Babu yangu mzaa mama alitusimulia habari za wapagazi hao kama alivyozipokea kwa wazazi wake: mzigo kichwani, siku kadhaa njiani, na hakuna aliyeambiwa mawe yale mazito yenye umbo la mifupa yanakwenda kufanya nini ng'ambo. Leo mfupa juu ya mfupa umepangwa Berlin, mnyama mzima amesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 13, na mtoto wa Lindi akitaka kumwona sharti avuke bahari.

Siidharau elimu iliyotoka Tendaguru. Dunia ilijifunza mengi kuhusu wanyama wale, na mifupa mingine huenda ingemomonyoka kwa mvua kabla ya mtu yeyote kuitambua. Ninachosema ni kwamba udadisi ule haukujiwekea mpaka wowote. Kilichoonekana kilichimbwa, na kilichochimbwa kilichukuliwa. Mwisho wa kazi uliamuliwa na fedha na muda wa msafara, na mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikaanza.

Mtu mmoja anaunganisha kilima kile cha kusini na korongo la kaskazini. Ni Hans Reck, mtaalamu wa miamba, aliyeongoza machimbo ya Tendaguru mwishoni, kisha mwaka 1913 akaenda Olduvai. Huko alikuta kiunzi kizima cha mifupa ya mtu katika tabaka la wanyama wa kale sana. Aliamini kwamba mtu yule ana umri sawa na wanyama wale, jambo ambalo lingetikisa elimu yote ya wakati huo. Mabishano yalidumu karibu miaka 20. Hatimaye ikajulikana kwamba yule alikuwa mtu wa enzi za baadaye sana, aliyezikwa na jamaa zake. Kaburi lake lilichimbwa kuingia katika tabaka kongwe, na ndilo lililomdanganya Reck. Mifupa ilikuwa imekwisha kupelekwa Ujerumani. Fuvu bado liko Munich. Sehemu kubwa ya mifupa mingine ilipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Leo zipo njia za kuuliza mfupa maswali ambayo Reck hakuyaota: mtu alikula nini, aliugua nini, alitoka wapi. Katika kiunzi kile, sehemu kubwa ya majibu haipo tena.

Laetoli nayo ilianza kwa mtindo huo huo. Mwaka 1935 Louis na Mary Leakey walikuwa Olduvai, wakasikia kutoka kwa wenyeji kwamba upande wa kusini kuna mifupa iliyogeuka mawe. Wakaenda, wakaokota walichoona, wakarudi. Kati ya vitu walivyopeleka London lilikuwamo jino moja lililoandikwa kuwa la nyani. Lilikaa ndani ya sanduku la makumbusho zaidi ya miaka 40 mpaka mtu alipolitazama upya na kutambua kwamba ni jino la zamadamu, miongoni mwa mabaki ya kwanza ya aina hiyo kuokotwa Afrika Mashariki. Nilipenda sana kuwasimulia wanafunzi kisa hicho. Jino lilikuwa limekwisha kutoka ardhini, limepewa namba, limehifadhiwa katika mji mkubwa wa wasomi, na bado lilikuwa halijulikani. Baada ya Leakey akaja Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, na mwaka 1939 akapata kipande cha taya ya juu. Nacho kikaenda Ujerumani.

Mary Leakey alirudi Laetoli mwaka 1974, mumewe akiwa amekwisha kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 61, na alikuwa amebadilika, au labda haraka ya wenzake ndiyo iliyokuwa imeondoka ikamwachia nafasi ya kufanya kazi kwa mwendo wake. Alikuwa mchoraji kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alijua kukaa na mita moja ya ardhi mwezi mzima. Mwaka huo huo mmoja wa watu wake, Maundu Muluila, aliona taya ambalo baadaye lingetumiwa kama kielelezo cha aina nzima ya zamadamu, wale wanaoitwa Australopithecus afarensis. Wachimbaji hawa wa Kikenya waliofuatana na Mary hutajwa kwa nadra, na bila macho yao Laetoli ingebaki nyika ya ng'ombe na twiga.

Nyayo za kwanza zilionekana mwaka 1976, na zilionekana katika mchezo. Jioni moja wageni wa kambi walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akainama kukwepa, akajikuta uso wake uko karibu na mwamba, na kwenye mwamba akaona vijishimo. Vingine vilikuwa alama za matone ya mvua. Vingine vilikuwa kwato na makucha. Kwa miaka miwili iliyofuata zikasomwa nyayo za wanyama kwa maelfu: sungura, kanga, twiga, tembo, nyani, farasi wa kale mwenye kwato tatu. Mwaka 1978 mkemia Paul Abell akaona alama iliyofanana na kisigino cha mtu. Mary akamweka Ndibo Mbuika achimbe, na Ndibo akaonyesha kwamba nyayo zinaendelea.

Sababu ya nyayo hizo kudumu inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo pia sababu ya kuzifukia. Volkeno ilitoa jivu la aina ya pekee, lenye chumvi za kaboneti, ambalo likilowa na kukauka hugandamana mithili ya saruji. Jivu likaanguka, mvua ndogo ikanyesha, wanyama wakapita, jua likakausha, na kabla upepo haujafuta chochote jivu jingine likaanguka juu. Yote hayo kwa muda mfupi sana. Kilichozihifadhi, basi, ni kule kufunikwa upesi. Zikikaa wazi, kila mvua ya masika na kila kiangazi hupanua nyufa, na ng'ombe wakipita kwato zao humalizia. Upande mmoja wa mfululizo ule ulikuwa umekwisha kuliwa na korongo lililokuwa likisogea mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo Mary Leakey alikuwa na kitu ambacho kilidumu miaka milioni tatu na nusu kwa sababu hakuna aliyekiona, na sasa kimeonekana. Alikipima. Akakipiga picha. Akatengeneza kalibu na nakala za kila sehemu aliyoweza. Halafu akakifunika.

Nataka msomaji aone uzito wa kitendo hicho kwa mtu kama yule. Wakati ule wataalamu walikuwa wakigombana vikali juu ya mabaki ya Laetoli na yale ya Ethiopia, juu ya majina na juu ya nani ametangulia. Nyayo zile zilithibitisha kwamba babu zetu walisimama wima kabla ubongo wao haujakua mkubwa na kabla ya zana za mawe zozote zilizokuwa zinajulikana siku zile. Yeyote aliyetaka sifa angeziacha wazi, dunia ije itazame. Yangejengwa mabanda, zingepigwa picha kila siku. Nyayo zingeendelea kupasuka kidogo kidogo, na katika kizazi kimoja pangebaki mwamba wenye mashimo.

Ufaransa walijifunza jambo hilo kwa gharama. Pango la Lascaux, lenye michoro ya wanyama iliyodumu zaidi ya miaka 15,000 gizani, liligunduliwa na vijana mwaka 1940, likafunguliwa kwa watazamaji mwaka 1948. Pumzi na joto la watu waliokuwa wakiingia kwa wingi kila siku vikaotesha mwani wa kijani juu ya kuta. Mwaka 1963 waziri wa utamaduni, André Malraux, akalifunga. Miaka 15 tu ilitosha.

Lakini sasa inakuja sehemu ya historia ambayo mwanzoni niliiruka darasani, na nadhani ndiyo yenye somo zito kuliko zote. Mchanga wa mwaka 1979 haukuchekechwa. Ulikuwa umechotwa mtoni na ulikuja na mbegu za migunga. Mawe yaliyopangwa juu yakatunza unyevu na kuwazuia mifugo wasifike kwenye machipukizi. Mbegu zikaota. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, juu ya nyayo za thamani kuliko zote duniani kulikuwa na kichaka cha migunga mirefu kuliko mtu, na mizizi yake ikishuka chini kuzitafuta nyufa.

Wako waliosema baadaye kwamba kuzifukia lilikuwa kosa. Mimi sikubali. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kazi ndiyo iliyofanywa nusu. Kujizuia kuna ufundi wake kama kuchimba kulivyo na ufundi wake. Mchimbaji hufundishwa miaka jinsi ya kushika brashi, lakini siku zile ni wachache waliofikiri kwamba kufunika nako kunahitaji elimu, bajeti, na mtu wa kurudi kila mwaka kuangalia. Watu waliondoka Laetoli wakiamini kwamba kuacha ni kutofanya kitu. Ardhi haikuwa na habari na imani hiyo.

Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ilishirikiana na Taasisi ya Getty ya Uhifadhi, kutoka Los Angeles, kurekebisha. Njia tatu zilifikiriwa. Ya kwanza ni kuukata mwamba wote na kuuhamishia makumbusho. Hakuna aliyekuwa amewahi kuhamisha tabaka laini la namna ile kwa urefu ule bila kulivunja, na hata kama ingewezekana, nyayo zingetenganishwa na bonde ambalo ndilo linalozipa maana. Ya pili ni kujenga jengo juu yake. Mahali penyewe pako mbali, barabara ni ya msimu, maji hupanda kutoka chini ya ardhi yakiwa na chumvi, na jengo huhitaji kutunzwa miaka yote, hata ile ambayo bajeti haikuja. Ya tatu ni kufukia tena, safari hii kwa ustadi.

Wakachagua ya tatu. Miti iliuawa kwanza kwa dawa. Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya mfululizo ilifunuliwa, na mwaka 1996 ya kaskazini. Mizizi ilitolewa kipande kipande kwa vifaa vidogo vya mkono. Kwa bahati njema madhara yalikuwa madogo kuliko yaliyohofiwa: mizizi ilikuwa imeingia zaidi pale ambapo mwamba ulikuwa umechakaa tangu zamani, na mchanga laini ulikuwa umezitunza nyayo nyingine vizuri sana. Wakati zikiwa wazi, Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walizipima kwa picha kwa usahihi ambao mwaka 1979 haukuwezekana. Wanaanatomia waliitwa kuja kuzitazama. Mary Leakey mwenyewe alikuja kuziona, akiwa na miaka 83. Alifariki Desemba ya mwaka huo, 1996.

Halafu zikafukiwa. Mchanga ulichekechwa wote kuondoa mbegu. Juu ya mchanga kikatandazwa kitambaa maalumu kinachopitisha maji na hewa, ukaja mchanga mwingine, kikaja kitambaa cha aina ya pili chenye vifundo vya dawa inayozuia mizizi isipenye, ukaja udongo, na juu kabisa mawe. Mitaro ilichongwa kuligeuza maji ya mvua. Na jambo ambalo mwaka 1979 halikufanyika lilifanyika: wenyeji walishirikishwa kikaoni. Laiboni wa Kimaasai alikuja na watu wake, kondoo akachinjwa, mahali pakabarikiwa. Baadhi ya wasomi huitaja sherehe hiyo kama pambo la ripoti. Mimi naiona kuwa nguzo ya kazi yenyewe. Mchungaji anayepita pale na ng'ombe wake kila wiki ana uwezo juu ya nyayo zile kuliko profesa yeyote, na heshima yake ni ulinzi usiochakaa kama kitambaa.

Kuna dai moja ambalo sitalipuuza, kwa sababu ni la haki. Watanzania wengi, wakiwemo wanaakiolojia wetu, wamesema: nyayo ziko kwetu, zimewapa watu wa nje majina na vyeo, na sisi tunaambiwa tusizitazame. Tumefukiwa urithi wetu kwa fedha za watu wa California. Wanafunzi wangu walilisema hilo bila kusoma kitabu chochote. Niliwapeleka Olduvai kutazama nakala iliyowekwa kwenye makumbusho, na binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza, "Mwalimu, kwani hizi zenyewe ziko wapi?" Nikamwonyesha upande wa kusini. Akasema, "Kumbe karibu hivyo, na bado hatuwezi." Sikuwa na la kumjibu lililokuwa fupi.

Dai hilo lilifika mbali. Mwaka 2011 sehemu ndogo ya nyayo ilifunuliwa kwa muda, na Rais Jakaya Kikwete alikwenda kuziona. Mpango wa kujenga makumbusho makubwa hapo hapo Laetoli ukapata nguvu. Hapo ndipo historia ilipochukua mkondo ambao kila anayedhani kujizuia ni adui wa maendeleo angepaswa kuusoma. Kabla ya kujenga ilitakiwa tathmini ya athari, kama utaratibu unavyodai: kuchimba mashimo ya majaribio na kuangalia kuna nini chini. Kazi hiyo waliifanya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na timu yao. Katika mashimo hayo, umbali wa mita 150 hivi kutoka nyayo za Mary Leakey, wakakuta nyayo nyingine za zamadamu, wawili, mmoja wao mwenye miguu mikubwa, aliyekadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165. Habari zilichapishwa mwaka 2016. Zilikuwa pale pale palipopendekezwa kuwekwa jengo. Haraka kidogo tu, tingatinga moja lisilosubiri kibali, na nyayo hizo zingekuwa kokoto chini ya msingi wa makumbusho ya nyayo.

Miaka mitatu baadaye likatokea jingine. Tangu miaka ya 1970 palikuwa na alama tano za ajabu katika eneo jingine la Laetoli, lile linaloitwa A. Zilikuwa pana, fupi, na hatua yake ilikuwa ya kukatisha, mguu mmoja ukivuka mbele ya mwingine. Wengine walisema ni zamadamu, wengine wakasema ni dubu aliyesimama. Zikaachwa hivyo, na udongo ulioletwa na mvua ukazifunika. Mwaka 2019 timu ya Ellison McNutt na Charles Musiba, msomi wetu Mtanzania, ilizifukua tena, ikazisafisha, ikazipima kwa vifaa vya kisasa na kuzilinganisha na hatua za dubu, sokwe na watu. Desemba 2021 wakaandika kwamba si dubu. Ni zamadamu, na alitembea tofauti na wale wa Mary Leakey, maana yake huenda aina mbili za viumbe waliosimama wima walipita katika nyika moja. Alama zile zilisubiri zaidi ya miaka 40 kwa sababu zilikuwa bado zipo. Waliozibishania mara ya kwanza hawakuwa wajinga. Walikuwa hawajapata vifaa. Walifika mwisho wa uwezo wao wakaziacha, na wenye uwezo mwingine wakazikuta.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kwa wale waliouliza walichimba ili iweje. Walichimba ili wajue, wakajua walichoweza kukijua kwa macho na mikono ya wakati wao, na wakafukia kwa sababu watakaokuja watakuwa na macho mengine. Sokoni tunakosifia maendeleo, mtu huhesabiwa kwa alichokifungua. Mimi ninawahesabu pia Masao na Ichumbaki kwa mashimo yao madogo ya majaribio, na vibarua wa mwaka 1995 waliosimama juani wakichekecha mchanga ili mbegu moja ya mgunga isipite.

Kuhusu makumbusho ya Laetoli, msimamo wangu ni huu, na nimekwisha kuusema katika vikao vya wazazi na vya waalimu. Yajengwe, lakini mbali na tabaka la jivu, baada ya ardhi yote inayoguswa kupimwa. Nyayo halisi zisifunuliwe kwa ajili ya ugeni wa kiongozi yeyote wala kwa kuwafurahisha watalii. Zifunuliwe tu pale penye swali lililoandikwa, vifaa tayari, na fedha ya kuzifunika tena ikiwa benki kabla ya jembe la kwanza. Hali ya tuta la mawe lililo juu ya nyayo ikaguliwe kila mwaka na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili. Na kalibu za mwaka 1978 na 1979, pamoja na vipimo vya 1995 na 1996, vitumike kutengeneza nakala kamili za mita zote 27. Moja iwekwe Karatu. Nyingine iwekwe Lindi, katika mkoa uliokwisha kutoa tani zaidi ya 200 bila kurudishiwa hata nakala ya kidole.